Samaki wa Shangazi na Maziwa ya Muzee

Bunia, tarehe 12 Januari 2025

Yaya wangu, dada yangu mkubwa Bijou,

Pokea salamu kutoka kwangu na kutoka kwa bwana wangu. Ona, nimeandika "bwana wangu" kwa mkono wangu mwenyewe! Siye hapa tuko wazima. Natumaini weye, Shangazi Godelive na mtoto wako Orly mko wazima vilevile. Kama lile jino la Orly limetoka, mbusu kwa niaba yangu, lakini angalia asikuume.

Barua hii nampa Rachidi, dereva wa kamioni ya maharage, kwa sababu simu haifai. Simu ni ya Shangazi, na Shangazi hajui kuzungumza bila kufungua sauti mpaka majirani wanajibu salamu zangu. Mambo ya ndoa changa hayapaswi kusikika soko zima la Mahagi.

Yaya, nikuambie nini? Nina furaha hadi naogopa. Asubuhi Guelord anakwenda mjini kutengeneza radio na sahani za umeme wa jua, nami nabaki nikifagia uwanja huku nikicheka peke yangu kama mwenda wazimu. Jioni nikisikia lango tu, nakimbia kumpokea. Juzi aliniletea maracuja, yale matunda ya pasheni, mfukoni mwa suruali. Akataka kunikumbatia kwanza kabla ya kuyatoa. Yote yakapasuka! Suruali yote ikawa ya njano, nyigu wakamfuata hadi mlangoni, naye anasema, "Sheri, tamu yako hii, kunywa upesi." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nyumba yetu ni vyumba viwili mwishoni mwa uwanja wa baba mkwe, muzee Dominique. Mama mkwe, mama Elisabeth, ni mtu mwema. Asubuhi anapima maziwa ya ng'ombe wao kwa wateja, na mimi namshikia chujio. Jana nilipika sombe, majani ya muhogo, kwa karanga kama ulivyonifundisha. Walimaliza sufuria! Nilikuwa jikoni nikamsikia muzee akisema, "Huyu mutoto iko na mukono." Nilikaribia kutoka nikacheze.

Guelord naye ameanza kunenepa. Kifungo cha suruali ya arusi hakifungi tena.

Sasa, jambo lenyewe. Lundi, Jumatatu ya Pasaka, nataka kuwapeleka wote pikiniki kando ya mto Shari. Guelord anasema utotoni walikwenda huko mara moja, na hakuna siku aliyoipenda zaidi, isipokuwa siku ya arusi yetu (alisema hivyo mwenyewe, sikumlazimisha). Nataka chakula ambacho watu watakitaja mpaka Noeli. Kuku, ndizi za makemba, mayai, kwanga ya muhogo ndani ya majani yake, matunda. Niambie, vinafungwaje ili vifike vizuri? Fufu, ugali wetu, nimeiondoa, maana ikipoa inakuwa tofali. Nijibu upesi, nimeshaanza kuota mto ule.

Mdogo wako mwenye bahati,
Falone


Mahagi, 6 Februari 2025

Kwa Falone, mke wa mtu,

Salamu zako zimefika zikiwa zimechoka. Njia ilifungwa, Rachidi akakwama kule milimani na kamioni yake, maharage yakaota ndani ya gunia, na barua yako ikanukia mazuti ya kamioni. Hata hivyo niliisoma nikiwa nimesimama, kabla ya kumpa Rachidi maji ya kunywa. Siye tu wazima. Jino la Orly limetoka, la pili linasukuma, na ameniuma kama ulivyotabiri. Cherehani yangu inalia kama mbuzi, lakini inashona.

Haya, chakula. Majani ya ndizi yapitishe kwanza juu ya moto, upande huu na upande ule, mpaka yawe laini na yang'ae. Usipofanya hivyo yatapasuka njiani na mchuzi utabaki ndani ya kikapu. Kuku mkate vipande, mlaze usiku na limau, kitunguu saumu na tangawizi, umkaange asubuhi. Usimfunike akiwa wa moto, atatoa jasho awe kama aliyenyeshewa. Mayai yaende na maganda yake, chumvi na pilipili ndani ya karatasi, pembeni. Makemba usiyachome nyumbani. Beba makala, ule mkaa wa kupikia, uyachome kule kule, harufu iwaite watu. Kwanga iko na nguo yake tayari, haina shida na mtu. Nanasi likatwe mtoni, mbele ya macho ya watu, maana nanasi lililokatwa nyumbani linafika limekasirika. Na chini ya kikapu weka vitu vizito. Nakuambia hivyo kwa sababu nakujua, weye utaweka mayai chini kisha utalia.

Hayo yamekwisha. Sasa nikuulize mimi.

Nimesoma barua yako mara mbili. Umeandika wengine walikula nini, walimaliza vipi, walisema nini. Weye hukuandika ulikula nini wala na nani. Muzee anakusifu mezani, weye unasikia kutoka jikoni. Na bwana wako ananenepa. Mwanaume hanenepeshwi na sahani moja.

Falone, mimi ndimi niliyekubeba mgongoni baba alipotuacha. Unakula wapi?

Dada yako,
Bijou


Bunia, 23 Februari 2025

Yaya mpendwa,

Salamu kwako, kwa Shangazi na kwa meno yote mawili ya Orly. Huku mvua zimerudi, udongo unanukia vizuri, na Guelord amenishonea, hapana, ameshonesha mto wenye herufi zetu, F na G, ndani ya moyo mwekundu. Fundi ameukosea moyo, unafanana na kiazi. Naupenda hivyo hivyo, naulalia kila siku.

Nilijaribu majani juu ya moto. Ni kweli, yanang'aa! Nilimwita mama Elisabeth aone. Akasema kwao majani yalipakwa siagi kidogo ili chakula kisishike. Nimeandika yote mawili kichwani.

Nimeshaandika mambo mengi na bado sijajibu swali lako. Unaona jinsi ninavyozunguka.

Nakula jikoni, Yaya. Peke yangu.

Usikasirike na mtu, hawanitesi. Ni desturi ya nyumba yao, hata mama Elisabeth aliipitia. Bibi-arusi hali mbele ya macho ya baba mkwe, wala hamsemeshi, mpaka baba mkwe amfungue kinywa. Anampa kitu chenye uhai, kisha anampa chakula kwa mkono wake mwenyewe, na siku hiyo lazima mkubwa wa upande wa binti awepo ashuhudie. Kwa kuwa baba hayupo, mkubwa wetu ni Shangazi. Na Shangazi, unajua mwenyewe.

Basi Guelord anakula na baba yake, kama mtoto mzuri, halafu anakuja jikoni anakaa juu ya kigoda na kusema, "Sheri, nina njaa sana." Anakula tena na mimi, sahani nzima, bila kukosa. Ndiyo sababu ya kifungo. Hivi napendwa, Yaya. Lakini nikisikia wanacheka kule mezani, na sahani zinagongana, na mtu anasema "nipitishie chumvi", natamani kuwa hapo mpaka naweka sahani chini. Nataka tu kukaa na watu wangu. Sikuandika kwa sababu ulisema sitaweza maisha ya watu wa ng'ombe, nami nikakujibu nitaweza.

Halafu sikia ujinga wangu. Nimepanga pikiniki ya nyumba nzima, nimetafuta vikapu, nimehesabu kuku, na sikufikiria kwamba mtoni hakuna jiko! Mama Elisabeth ndiye aliyeniuliza, tukichuja maziwa. "Bibi-arusi, na weye siku hiyo utakula wapi? Nyuma ya jiwe?" Alicheka mpaka akamwaga kikombe. Mimi nilicheka pia, halafu nikaenda ndani nikalia kidogo juu ya kile kiazi chekundu.

Nikamwuliza kuhusu siku ya mahari. Unakumbuka, Shangazi aliwaletea samaki mkubwa wa ziwa aliyemkausha kwa moshi mwenyewe, akamweka mezani karibu na kibuyu cha maziwa, na muzee akasema, "Ondoa hiyo samaki hapa." Samaki akatolewa nje kama mwizi. Shangazi akaapa hataukanyaga uwanja ule tena, na hata siku ya arusi alisimama barabarani na kofia yake.

Mama Elisabeth ameniambia hivi. Kwa watu wao, maziwa na samaki havikutani ndani ya tumbo moja siku moja. Wanasema ng'ombe watakauka. Muzee alikuwa amekunywa maziwa asubuhi ile. Hakuchukia samaki, aliogopea ng'ombe wake, kisha akaona aibu kueleza mbele ya wageni. "Ana kichwa kigumu," mama alisema, "lakini moyo wake hauna shida."

Yaya, mwambie Shangazi. Mto Shari si uwanja wa mtu. Aje tu siku hiyo moja.

Nakukumbatia, na Guelord anakukumbatia kwa mbali, kwa heshima,
Falone


Mahagi, 17 Machi 2025

Falone,

Tu wazima. Orly anatembea akishika ukuta. Paa la jikoni lilipeperuka na upepo, jirani Fabrice amelirudisha, sasa linavuja mahali papya.

Sikukukasirikia. Nilikaa tu na barua yako mapajani muda mrefu kuliko cherehani ilivyotaka. Ukila jikoni leo, jua kwamba mimi pia nakula nikifikiria jiko lako.

Nilizungumza na Shangazi alipokuwa akimenya viazi. Nakuandikia kama ilivyokuwa.

"Shangazi, yule muzee alikuwa amekunywa maziwa siku ile."

"Maziwa gani?"

"Kwao maziwa na samaki havikutani."

Akaendelea kumenya. "Sasa alishindwa kusema hivyo? Hana mdomo? Nilimbeba yule samaki tangu ziwani, mapajani, kama mtoto. Njia nzima watu wanauliza, mama, unamfunika nani?"

"Aliona aibu."

"Mimi ndiye niliyeona aibu! Mimi na samaki wangu, huko nje, na mbwa ananitazama."

Nikamwambia kuhusu kufunguliwa kinywa, na kwamba unakula peke yako. Kisu kikasimama. Alitazama viazi tu. Nikamwambia, "Pikiniki ni mtoni. Kiapo chako ni cha uwanja."

"Mto hauna uwanja," akasema polepole. Kisha akapandisha sauti tena, unamjua. "Kama kweli hana chuki na samaki, aache maziwa siku moja. Moja tu! Nione kwa macho yangu. Mkamwambie hivyo."

Nikamwuliza, "Basi utakwenda?" Akasema kuku hawajala, akatoka.

Kuku walikuwa wamekula, Falone. Niliwalisha mimi.

Sikuandikii kwamba atakuja, maana hajasema, na nikimwuliza anazungumzia bei ya viazi. Siku mbili baadaye aliuliza jambo moja tu, akiwa amegeuka upande mwingine: toka mahali kamioni zinaposimama Bunia hadi mto Shari, ni kutembea au ni kupanda pikipiki? Nikasema pikipiki. Akasema, "Hm."

Mwambieni muzee hilo neno la maziwa. Mengine yako mikononi mwa wazee wenye vichwa vigumu.

Dada yako,
Bijou


Bunia, 7 Aprili 2025

Yaya,

Salamu upesi upesi, Rachidi anapiga honi hapa nje. Siye wazima, na furaha iko palepale. Jumapili Guelord aliimba kwenye kwaya na kunitazama mimi peke yangu wakati wa "Hosana", mpaka padri akakohoa.

Sikumwambia muzee. Nimeshindwa. Mimi simsemeshi, na nikimtuma Guelord ampelekee baba yake masharti, "acha maziwa la sivyo Shangazi haji", huo utakuwa ugomvi wa pili. Kitu cha kuombwa kwa masharti hakina utamu. Guelord nilimwambia jambo moja tu, kwamba labda Shangazi atakuja. Akamwambia baba yake mezani. Nilikuwa jikoni nimeweka sikio ukutani. Muzee akasema, "Vizuri," akaomba mchuzi.

"Vizuri" hiyo nimeigeuza pande zote kama jani la ndizi.

Mpango wangu uko hivi. Vikapu viwili. Kimoja cha samaki, kama Shangazi atakuja naye. Kingine cha maziwa ya muzee. Kimoja kitakaa mwanzo wa mkeka, kingine mwisho, na kuku watakaa katikati kama polisi. Kama Shangazi hatakuja, nitasema kichwa kinaniuma, nitakwenda kula nyuma ya jiwe. Usinihurumie. Guelord ameapa kwamba atakuja nyuma ya jiwe pamoja nami, hata kama suruali yote itapasuka.

Lakini natamani aje, Yaya. Natamani sana.

Falone


Mahagi, 18 Aprili 2025, Ijumaa Kuu

Falone,

Anayekupa karatasi hii ndiye mwenyewe. Usimwonyeshe kwamba nimekuandikia chochote kumhusu. Atalala kwa rafiki yake wa kanisa, Françoise, si kwenu, usibishane naye. Mgongo unamuuma, mtafutie kiti chenye egemeo.

Ndani ya kile kitenge cha bluu alichokumbatia si mtoto.

Bijou


Bunia, 24 Aprili 2025

Yaya wangu, Yaya wangu, Yaya wangu!

Salamu kwako na kwa Orly. Kuuliza habari nitauliza mwishoni, nikikumbuka, maana leo siwezi kungoja.

Shangazi alishuka kwenye kamioni Jumamosi akiwa amevaa ile kofia ya arusi, na samaki mapajani. Nilipomkumbatia alisema, "Polepole, utamvunja mkia." Nikasoma karatasi yako nyuma ya kamioni na nikalia kwa kicheko.

Lundi niliamka kabla ya majogoo. Nilikaanga kuku, nikawaacha wapoe bila kifuniko. Mayai niliyaweka juu (ndiyo, juu!). Majani yaling'aa, nikayapaka siagi kama mama Elisabeth alivyosema, nikafunga wali wa nazi, hapana, nazi huku ni ya kutafuta, nikafunga wali wa karanga, vifurushi vidogo, kila mtu chake. Makala, chumvi, pilipili, visu. Kazi ilikuwa tamu mpaka mama Elisabeth alipoingia akiwa ameshika kibuyu.

"Muzee hakunywa maziwa leo," akasema.

"Ni mgonjwa?"

"Anasema hapana. Hata chai amekataa kutiwa maziwa. Amekunywa chai nyeusi kama mutu asiye na ng'ombe."

Yaya, mtu huyu hajawahi kukosa maziwa ya asubuhi, hata siku ya mazishi ya kaka yake. Nikajua amekasirika. Nikajua amesikia Shangazi yuko mjini na sasa anafunga chakula kwa hasira. Mama Elisabeth naye alikuwa anatabasamu, nikadhani anajizuia kulia. Nilijaza maziwa ndani ya chupa kubwa hata hivyo, nikaitia kwenye kikapu chake, kwa matumaini.

Kisha namwona Guelord anafunga mbuzi kwenye pikipiki! Mbuzi jike mweupe, masikio marefu. Nikamwuliza wa nini, akasema, "Uliza baba." Anajua kwamba siwezi kumwuliza baba! Nikaelewa mwenyewe: mishikaki. Nikakimbia ndani kuongeza vitunguu, chumvi na vijiti.

Mto Shari ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, na majani mabichi kila upande. Familia nyingine zilikuwa zimekaa mbali, radio zao zinalia. Tulitandika mikeka miwili. Shangazi alikaa kwenye kiti chake chenye egemeo, mwisho wa mkeka, mgongo wima, kitenge cha bluu mapajani. Muzee mwisho mwingine, na fimbo yake. Katikati kuku wangu, polisi. Mimi nilisimama karibu na moto, nageuza makemba, tayari nimeliona jiwe langu.

Shangazi akafungua kitenge. Taratibu, kona moja, kona ya pili. Yaya, hajawahi kukausha samaki kama huyo. Mwekundu-mweusi, ana mng'ao, na harufu ya moshi ikatembea juu ya mkeka mpaka ikamfikia muzee. Alifanya makusudi! Akamweka wazi, akakunja mikono, akatazama mto.

Muzee akakohoa. "Mukwe wangu," akasema, "hiyo samaki ni ya kutazama tu?"

"Mimi sijui. Mara ya mwisho hakutakiwa."

"Mara ya mwisho nilikuwa nimekunywa maziwa."

"Na leo?"

"Leo tangu asubuhi tumbo yangu iko mutupu kama ngoma. Bibi yangu huyu, Elisabeth, ni shahidi. Hata chai nilikunywa nyeusi. Chai mubaya sana, mama."

Yaya! Hakuna aliyemwambia! Mimi sikumwambia, Guelord hakujua, weye uko Mahagi. Ni yeye mwenyewe, kichwa chake kigumu, aliyefikiria kuacha maziwa siku ile ili amle samaki wa Shangazi. Na mimi nilidhani ni hasira. Nilitazama chupa niliyoijaza nikatamani kuitupa mtoni.

Shangazi alirekebisha kofia. Kisha akasema, "Na ng'ombe zako?"

"Ng'ombe zangu zinakusalimia."

Hapo Shangazi akacheka. Kile kicheko chake, unakijua, kinachoanzia tumboni na kumtoa machozi. Akasogeza kiti mwenyewe, kwa mikono yake, mpaka karibu na muzee, akamvunjia samaki kipande cha tumbo, chenye mafuta. Muzee alikula amefumba macho. Akala tena. Akasema, "Siku ile ulipaswa kunipiga."

"Nilikuwa nimebeba samaki, mikono ilijaa."

Sasa wote wanacheka, wote wanakula, mama Elisabeth anamsifu kuku wangu, wali umetoka ndani ya majani kama mto mdogo wa kulalia, haukushika hata punje. Na mimi bado niko motoni, nimeshiba furaha, nimesahau kabisa habari ya jiwe. Muzee akapangusa vidole, akaita, "Guelord, leta ile mbuzi."

Nikaruka juu na kisu mkononi. "Papa, makala iko tayari! Vijiti ninavyo, hata vitunguu nimekata!"

Mikono yote ikasimama juu ya sahani. Nilikuwa nimemsemesha baba mkwe, kwa sauti ya sokoni, na kisu juu.

Muzee akanitazama. Mara ya kwanza ananitazama usoni. Macho yake ni ya Guelord, Yaya, ni yale yale, yanacheka kabla ya mdomo.

"Mutoto," akasema, "unataka kuchinja mbuzi yako mwenyewe?"

Sikuelewa. Guelord akaja akanichukulia kisu kwa upole, akanitia kamba mkononi. Mbuzi alikuwa wangu. Kitu chenye uhai. Mama Elisabeth akapiga vigelegele mpaka wale watu wa mbali wakasimama kuona. Muzee akavunja kipande cha samaki wa Shangazi, akakiweka ndani ya kipande cha kwanga, akanyoosha mkono. Shangazi akanisukuma mgongoni, nikapiga magoti juu ya mkeka, kamba ya mbuzi mkono mmoja. Nikakipokea. Nikakitia mdomoni, mbele ya macho yake, mbele ya macho yao wote.

Sikuweza kutafuna, Yaya. Machozi yalikuja yote pamoja, nikabaki na mashavu yamejaa kama mpiga tarumbeta.

"Tafuna, mwanangu," Shangazi akasema. "Watu wanangoja."

Nikatafuna. Nikameza. Guelord alisogea akaniachia nafasi kati yake na mama yake, na nikakaa hapo, na nikala. Nilikula kuku, makemba, yai, samaki tena, nanasi, kila kitu nilichofunga kwa mikono yangu na sikutarajia kukionja. Nilikula mpaka Shangazi akasema, "Falone, acha na wengine." Muzee akamjibu, "Muache mama, muache ale."

Shangazi hajarudi Mahagi kwa sababu ameukanyaga uwanja. Ndiyo. Alikuja juzi kuangalia kama mbuzi amefungwa vizuri, halafu mvua ikamzuia, halafu mvua ikakoma naye akabaki. Yeye na muzee wanabishana tangu asubuhi, eti ni mti gani unatoa moshi mzuri zaidi. Kesho hakuna maziwa tena, wamepanga samaki. Rachidi atamleta Jumapili, kama atakubali.

Habari yako? Na Orly, meno yamefika mangapi? Unaona, nimekumbuka.

Usijali hilo doa la mafuta kwenye kona ya karatasi. Naandika tukiwa mezani, mchana, wote, viwiko vinagongana. Lazima niishie hapa. Muzee ameniomba nimpitishie pilipili.

Mdogo wako,
Falone